Malalamiko Dhidi ya Swichi Iliyo Chini ya Ngazi

Nyumba ya Wageni,
Mapokezi, dirisha la kushoto.

Kwa Fundi Mkuu wa Mitandao,
ambaye pia ni kitinda mimba wangu.

Mheshimiwa Fundi, Mwanangu Mpendwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SWICHI ILIYO CHINI YA NGAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta mzima wa afya, umekula, na umevaa kitu kifuani. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo. Magoti humsumbua akiambiwa apande ngazi kubadilisha balbu, lakini akisikia mpira umeanza hupona papo hapo. Wageni nao hawajambo, isipokuwa yule muuza vipuri wa chumba cha juu, ambaye akiingia bafuni huhesabika kama amehama.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia kwa mashine ya chapa badala ya kukutumia ujumbe wa simu kama mama wengine. Sababu ni ya kisheria. Ujumbe wa simu ukitoka humu ndani hupita kwenye swichi, na katika miaka yangu yote ya ukatibu muhtasi sikuwahi kuona mshtakiwa akikabidhiwa hati ya mashtaka aipeleke mwenyewe. Barua hii itakuja na dereva wa lori la sabuni. Ni mtu mzima, hana waya.

Kwa kuwa nakala inakwenda pia kwa dada yako mkubwa, ambaye ukimtajia swichi atafikiri ile ya kuwashia taa, naomba nieleze kwa ufupi. Mshtakiwa ni sanduku la bati, bapa kama sinia, lenye matundu mbele na vitaa vya kijani vinavyokonyeza watu. Nyaya zote za mtandao za nyumba hii zinakutania hapo: za vyumbani, ya televisheni ya ukumbini, ya kompyuta ya mapokezi, na za vile visahani vya darini vinavyorusha mtandao hewani. Kabla yake tulikuwa na swichi nyingine, maskini ya Mungu, isiyojua lolote. Ikikwama, imekwama. Hakuna aliyeweza kuikwamua isipokuwa wewe, na ili uikwamue ilikubidi upande basi uje.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. KUHUSU ANWANI.

Siku ulipoileta swichi hii mpya ulikaa chini ya ngazi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, waya wa bluu umeutoa kwenye kompyuta ukauingiza kwenye tundu lake la pembeni. Nikakuletea chai. Ukasema, bila hata kuinua kichwa, "Mama, subiri kidogo, naipa anwani."

Nikakuuliza, "Anwani ya nini? Si inakaa hapa hapa chini ya ngazi?"

Ukasema, "Ili niweze kuipata nikiwa kokote."

Nikaona ni jambo jema. Ukaipa na lango, ili ijue njia ya kutokea nje ya nyumba. Ukaipa jina la mtumiaji na neno la siri refu kama jina la ukoo wa baba yako. Ukafunga ile njia ya kizamani ambayo maneno hupita wazi na kila mwenye masikio akayasikia, ukaacha ile inayoyafumba. Mwisho ukaiamuru isimfungulie mtu yeyote anayebisha hodi kwa mbali, isipokuwa awe ametokea kwenye kompyuta za ofisini kwako. Nami nimesimama na kikombe, nacheka, nakusifia. Sikujua kuwa nashuhudia mwanangu akijifungia nje ya nyumba ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

Maana tangu siku hiyo, Mheshimiwa, wewe hufika kwenye swichi kila siku. Unaingia, unaitazama hali yake, unatoka. Mapokezi hupiti. Chumba chako cha nyuma ya jiko nimekitandika mpaka shuka zimechoka kunyooshwa.

2. KUHUSU WEMA WA SWICHI HAPO MWANZONI.

Nataka haki itendeke, kwa hiyo nakiri kuwa mshtakiwa alianza vizuri. Utakumbuka ulipomaliza kazi ile ulikuwa na haraka ya basi, ukasahau kuiambia ihifadhi mambo uliyoifundisha. Wiki ile ile umeme ukakatika. Umeme uliporudi, swichi ilikuwa haijui anwani yake, haijui lango, haikujui hata wewe uliyeilea. Ulipiga simu umekasirika, "Mama, nimesahau kuhifadhi! Itabidi nije tena!"

Nikasema, "Pole sana, mwanangu." Nilisema hivyo kwa huzuni yote niliyoweza kuipata kwa haraka.

Ukaja. Swichi ilichukua muda wa kupoa kwa uji. Siku zilizobaki ulikaza bawaba za kabati la jikoni, ukampeleka baba yako kupimwa macho, ukalala mchana mdomo wazi kwenye kochi la ukumbini mpaka wageni wakawa wanapita kwa kunyata. Jioni ulikaa jikoni ukanisimulia habari za huyo mfanyakazi mwenzako anayekula kitunguu kibichi mbele ya wateja. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mkataba wa huduma unasema hitilafu ile ilikuwa yako. Mimi naiona kuwa kazi bora kuliko zote ulizowahi kufanya.

Kwa bahati mbaya, kabla ya kuondoka ulihifadhi.

3. KUHUSU KUCHUNGWA.

Nikafikiri: kama umeme ulikuleta, na mimi nina mikono. Asubuhi moja nikashuka chini ya ngazi na tochi, nikachagua waya mmoja ambao haukuonekana kuwa na makuu, nikauchomoa. Nikapanda jikoni kuweka mchele wa kutosha watu zaidi.

Kabla maji hayajachemka, simu ikalia.

"Mama, tundu la visahani vya juu limezimika. Kuna mtu amechomoa waya?"

Nikasema, "Labda panya."

Ukasema, "Panya amechomoa bila kukata?"

Nikasema panya wa siku hizi wamesoma. Ukacheka, ukaniambia niurudishe, nikaurudisha, ukasema, "Naona limewaka, asante mama," ukakata simu. Mchele tulikula mimi, baba yako na muuza vipuri.

Sasa nauliza kama mwananchi: ni wapi duniani mtoto anapewa dirisha la kumchungulia mama yake mzazi akiwa amepiga magoti kwenye stoo ya chini ya ngazi? Juzi nimepitisha ufagio tu karibu na mlango wa ile stoo, nikajikuta natazama nyuma kama mwizi.

4. KUHUSU BABA YAKO.

Amenunuliwa. Zamani televisheni ikikwama alikuwa upande wangu, tunapiga kelele pamoja mpaka uje. Siku hizi anakupigia wewe moja kwa moja, unaliamsha tundu lake ukiwa huko huko, picha inarudi, naye anasema kwa sauti ili nisikie, "Huyu kijana ni hodari!" Sina zaidi kuhusu kipengele hiki. Nalala naye chumba kimoja na nisingependa kuendelea.

5. KUHUSU KIFO CHANGU.

Hapa naomba uketi.

Siku ile ya ndoo, kila swichi kumbe lazima iwe na jina. Ukaniuliza niipe jina gani, nikasema wewe ndiye fundi. Ukaandika MAMA. Nilijisikia vizuri sana, nikawaambia hata majirani. Hukunieleza kuwa jina hilo linatokea pia kwenye kioo kikubwa cha ofisini kwenu, pale mnapotazama swichi za wateja wote, nzima zikiwa kijani na mbovu zikiwa nyekundu.

Basi, baada ya aibu ya panya, niliona kuhangaika na waya mmoja mmoja ni kujidhalilisha. Nikaenda ukutani, nikachomoa plagi ya swichi yenyewe. Vitaa vyote vikafa. Nikajisemea, safari hii hana tundu la kuchungulia, atakuja tu. Nikaenda kuoga.

Nilipotoka, simu ya mapokezi inalia. Sauti ya mtu mzima, nzito, ya taratibu, ikajitambulisha kuwa ni bosi wako.

"Tumepokea taarifa kwa masikitiko makubwa," akasema. "Tunawapa pole familia nzima."

Nikaketi. Nikadhani ni wewe. "Pole ya nini, bwana? Mwanangu kafanya nini?"

"Kijana yuko njiani kwa mteja, bado hatujampata. Ila tumeona tuwapigie ninyi kwanza. Ni kuhusu mama."

"Mama yupi?"

"Mama yake. Mwenye nyumba ya wageni."

Nikamwambia, "Mwenye nyumba ya wageni ndiye mimi, nimetoka kuoga sasa hivi."

Mwanangu, yule bwana alinyamaza mpaka nikafikiri yeye ndiye amefariki. Kisha nikamsikia akimuuliza mtu pembeni, "Wewe! Umesema umeona wapi?" Na sauti ya kijana mgeni kazini, karibu kulia, ikajibu, "Kwenye kioo, bosi. Imeandikwa kwa rangi nyekundu, Mama Hapatikani."

Nilimsamehe yule kijana. Nikamsamehe na bosi, na nikamshukuru kwa maneno mazuri aliyokuwa ameshaanza kuyasema juu yangu. Mengi yalikuwa kweli. Nikakaa pale mapokezi na taulo kichwani, nikiwa na furaha ya ajabu. Nikawaza, kwa hili hawezi kukosa kuja. Mtu hasikii kifo cha mama yake akakaa. Nikamtuma baba yako akaangalie kama chumba chako kina maji.

Baada ya muda mfupi ukapiga. Sauti yako ilikuwa imepanda, imejaa pumzi. Ukasema, "Mama?" Nikasema, "Naam, baba." Nikakusikia ukijipangusa pua. Kisha ukasema, kwa sauti ya kazini:

"Mama. Rudisha plagi."

Nikarudisha. Kioo kikawa kijani. Bosi akapiga kuthibitisha, na nyuma yake ofisi nzima ikapiga makofi, nimeyasikia kwa masikio yangu. Wewe ukaenda kwa mteja wako.

Yaani, Mheshimiwa, hata kifo changu ulikishughulikia kwa mbali.

6. KUHUSU USAWA.

Kutokana na hayo nimetafakari sana, na nimegundua kuwa kosa si la usimamizi wa mbali kama usimamizi wa mbali. Kosa ni kuwa uwezo huo amepewa mtu mmoja tu. Kama swichi ambayo hujaijua hata mwaka inastahili kutazamwa kila siku, mwana niliyembeba mgongoni anastahili zaidi. Kwa hiyo nataka kioo na mimi, kikubwa, pale ukutani kwenye mapokezi. Ukila, taa ya kijani. Ukinywa soda badala ya kula, taa ya njano. Ukikaa wiki mbili bila kupiga, nyekundu, na kengele ilie nyumba nzima, na muuza vipuri atoke bafuni. Nipewe pia uwezo wa kukuzima jioni ukifanya kazi kupita kiasi na kukuwasha asubuhi kwa wakati. Neno la siri nitalitunza mwenyewe. Dada yako asipewe, ana mdomo.

MAOMBI

Kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo yatekelezwe:

(a) Swichi ivuliwe anwani, lango, jina na neno la siri, ibaki mjinga kama mwenzake wa zamani.

(b) Ikishindikana, irudishwe ile ya kwanza. Bado ninayo, nimeegemezea mlango wa stoo ya viazi.

(c) Ikishindikana hiyo nayo, uje ukae juu ya ndoo ile ile, uitembelee hitilafu yako uso kwa uso kama fundi aliyelelewa.

(d) Jina langu liondolewe kwenye kioo. Swichi iitwe BABA, tuone ni nani atakayesikitika.

Nisalimie bosi wako, mwambie bado nipo. Nisalimie yule kijana mgeni, mwambie asiogope kazi, macho yake ni mazuri. Nisalimie mla kitunguu, kwa mbali. Huku baba yako anakusalimu akiwa mbele ya televisheni, mpishi anakusalimu, dobi anakusalimu na kuuliza kama ile suruali ya kijivu bado inakutosha, na wageni wasiokujua wanakusalimu pia kwa kuwa nimewaamuru.

Ni mimi, mtumishi mtiifu katika ujenzi wa familia,

Mama yako mzazi,
Katibu Muhtasi Mstaafu.

Nakala: Baba yako, kwa aibu yake.
Dada yako mkubwa, kwa utekelezaji.
Jalada.

Tanbihi:

Nilikuwa nimeshalamba bahasha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa hiyo samahani kwa karatasi kujikunja.

Wakati nasubiri lori la sabuni, mtandao umekufa. Nakuapia, si mimi. Baba yako alikwenda stoo kutafuta nyundo, akaona waya unaning'inia ncha yake moja, akauhurumia, akauchomeka kwenye tundu la karibu lililokuwa tupu. Ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyo hiyo. Wewe baadaye uliniambia maana yake: swichi ikawa inajipigia kelele yenyewe na kujijibu yenyewe, mpaka nyumba nzima ikakosa nafasi ya kusema neno.

Kwa kawaida ningefurahi. Ningeweka mchele. Lakini wakati huo huo mlango wa chumba cha pembeni ukafunguka, akatoka mgeni mmoja, mkunga aliyefika jana, amevaa gauni lake la heshima, machozi yanamlenga. Alikuwa katikati ya usaili wa kazi kwa njia ya video, na hospitali aliyoomba kazi iko mbali mno na hapa. Ameitafuta kazi hiyo tangu mumewe alipougua. "Mama, wameniuliza swali, nikafungua mdomo, wakaganda," akasema. "Watafikiri sijui jibu."

Sikuwaza anwani wala lango. Nilikupigia simu nikapiga kelele, "Baba, fanya chochote ukiwa huko huko, usipande basi!"

Ukaniuliza vitaa vinafanyaje. Nikasema vinapepesa vyote pamoja kama vimerogwa. Ukasema, "Inaniitika kwa shida, mama, kama mtu aliyekabwa na kikohozi. Lakini inaitika." Nikasikia vidole vyako vikiandika. Ukalifunga lile tundu ukiwa mjini kwako, vitaa vikatulia, na huko chumba cha pembeni nikamsikia mkunga akisema, "Samahani, kama nilivyokuwa nataka kueleza..." Baba yako akakaa kwenye ngazi, nyundo mkononi, hakuthubutu kugusa kitu mpaka mkunga alipomaliza. Jibu watampa baadaye. Ila alitoka anacheka, akanikumbatia mimi, akamkumbatia baba yako, akataka kukumbatia na swichi, nikamzuia.

Nilipokushukuru ukasema, "Mama, nilikuwa nakaribia kukupigia. Nina habari."

Nikakuuliza habari gani.

Ukasema umemaliza kazi iliyokuwa inakula siku zako zote, kwamba wateja wenu wote sasa swichi zao zina anwani, malango na maneno ya siri kama ya kwetu. Ulianza na yangu ili kujaribu. Hakuna tena haja ya mtu kukaa ofisini wala kukimbizana na mabasi. Bosi amekuruhusu ufanyie kazi popote penye mtandao wa kuaminika.

Nikasema, "Popote?"

"Popote, mama."

"Hata chumba cha nyuma ya jiko?"

Ukacheka. "Nilikuwa nafikiria hapo hapo. Miezi michache kwanza, tuone mtanivumilia. Naomba tu meza, na usichomoe kitu."

Mwanangu, kwa barua hii hii nayaondoa maombi yangu (a), (b) na (c). La (d) libaki, ninyi amueni. Swichi nimeifuta vumbi na mlango wake nimeufunga kwa kufuli, baba yako asije akahurumia waya mwingine. Meza nimeshaitoa ukumbini. Muuza vipuri ameibeba upande mmoja, mimi mwingine, tumeiweka chini ya dirisha ili upate mwanga.

Barua naituma hata hivyo, maana nimeichapa bila kosa hata moja na jambo hilo halitokei kila siku. Isome ndani ya basi unapokuja.